Minnesota ni baridi tupu, lakini sola zimejaa kila kona. Imekuwaje?

Mzee wa Mita (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Walioko huku Minnesota watakuwa wameona. Ukitoka Minneapolis kwenda St. Cloud kwa barabara namba 10, ukikaribia Becker unakutana na madohani ya Sherco, mtambo wa makaa ya mawe wa miaka mingi. Sasa hivi jirani yake kuna paneli za sola mpaka macho yanachoka. Nikiwatumia picha watu wa nyumbani swali ni moja tu: nchi ya theluji hiyo, jua mnalitoa wapi?

Nimeona nifungue uzi kwa sababu majibu yanayozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ni ya kubahatisha. Mmoja anasema ni siasa tu na hela za bure, mwingine anadai paneli za kisasa zinakula hata mwanga wa mbalamwezi. Tuache mbwembwe, tuangalie hesabu.

Jua lipo. Minneapolis iko nyuzi 45 kaskazini mwa ikweta, kusini zaidi kuliko Ujerumani yote. Kilowati moja ya paneli zilizowekwa vizuri hapa inatoa uniti kama 1,200 hadi 1,300 kwa mwaka. Ujerumani, ambako wamejaza sola hadi kwenye mabanda ya ng'ombe, wanapata kama 1,000. Desemba hapa ni mateso, urefu wa mchana haufiki masaa 9, lakini Juni unapita masaa 15 na mita inakimbia.

Ila jua hilohilo lilikuwepo mwaka 2010, na 1990 pia. Mwaka 2013 jimbo zima halikuwa na hata megawati 20 za sola. Leo zimevuka 2,000. Kwa hiyo anayesema "ni kwa sababu kuna jua" hajajibu swali. Ninavyoona mimi, kilichobadilika ni kanuni za bili: nani anaruhusiwa kuingiza umeme kwenye gridi, na akiingiza analipwa shilingi ngapi.

Kwa kifupi ilikwenda hivi. Tangu 1983 Minnesota ina sheria inayokuruhusu, mtambo wako ukiwa chini ya kilowati 40, kusukuma umeme wa ziada kwenye gridi na kufidiwa kwa bei ileile unayonunulia. Ni moja ya sheria za mwanzo kabisa Marekani. Lakini paneli zilikuwa ghali, na sheria ikalala usingizi. Mei 2013 Gavana Mark Dayton akasaini sheria ya nishati iliyobadilisha mambo mawili. Kwanza, kampuni binafsi za umeme zikatakiwa zifikishe sola asilimia 1.5 ya mauzo yao kufikia 2020. La pili ndilo kubwa: Xcel Energy, kampuni ya umeme kubwa kuliko zote jimboni, ikaamriwa ifungue mpango wa sola ya pamoja. Mtu yeyote anaweza kujenga shamba la paneli, wateja wakanunua mgao humo (yaani sehemu ya shamba), na umeme wa mgao wako ukakatwa kwenye bili yako ingawa nyumbani kwako hakuna hata paneli moja.

Hapo ndipo moto ulipowaka. Mpango ulianza kupokea maombi Desemba 2014, na ndani ya miaka michache mashamba hayo yakavuka megawati 800. Kuna kipindi Minnesota ilikuwa ya kwanza Marekani kwa sola ya namna hiyo, ikaziacha California na Florida zenye jua la kuchoma.

Februari 2023 Gavana Tim Walz akasaini nyingine: ikifika 2040 umeme wote unaouzwa na kampuni za jimbo hili uwe hautoi hewa ya ukaa. Mnavyoona Becker panabadilika ni kuelekea hukohuko, ingawa mipango yake ilianza kabla ya sheria hii.

Karibuni. Wenye matusi ya siasa wapite kimya kimya.

---

Kiboko ya Bili

Nimekaa siti ya mbele. Ila Mzee umeiremba mno. Hizo fidia za sola ya pamoja nani analipa? Si sisi wengine tusio na mgao? Umeme haujawahi kushuka bei tangu nihamie hapa.

---

Mama Tausi

Asante kwa uzi. Mimi niko Brooklyn Park, nakaa apatimenti, paa si langu. Kuna kijana amekuja kunigongea mlango na tableti, anataka niweke sahihi "nipate sola ya serikali bure". Nikamwambia arudi wikendi mume wangu akiwepo, ingawa mume ndiye huyu ninayemwandikia hapa kwenye simu 😂. Ni utapeli au ni hiyo ya pamoja mnayosema?

---

Mzee wa Mita

Mama Tausi, kuwa makini. Hakuna kitu kinachoitwa sola ya bure ya serikali. Yaweza kuwa moja kati ya mawili.

La kwanza ni sola ya pamoja yenyewe. Hiyo hailetewi fundi, haigusi paa. Unajiunga, kampuni ya umeme inakupa punguzo kwenye bili kwa mgao wako, nawe unawalipa wenye shamba kiasi kidogo kuliko punguzo ulilopewa. Faida yako ni hiyo tofauti. Haikufanyi tajiri, lakini ni halali na wapangaji wanaruhusiwa.

La pili ni wauzaji wa paneli za paa wanaogonga milango bila kuuliza nyumba ni ya nani. Hao wakigundua umepanga wanaondoka wenyewe.

Cha kumuuliza: mkataba ni wa miaka mingapi, nikitaka kutoka kuna faini gani, na punguzo ni asilimia ngapi, limehakikishwa au ni makadirio? Akianza kuimba mashairi, funga mlango.

Kiboko, nakuja kwako. Hoja yako ina uzito.

---

Fundi Waya

Habari za saa hizi. Mimi niko Morogoro, kazi yangu ni kufunga sola, nimepita hapa kusoma nikaona kuna jambo halijasemwa. Baridi si adui wa paneli. Joto ndilo adui.

Paneli inapimwa kiwandani kwa nyuzi 25 za selo yenyewe (kile kipande kinachogeuza mwanga kuwa umeme), si za hewa. Kila nyuzi moja inayozidi hapo unapoteza kama asilimia 0.3 hadi 0.4 ya nguvu. Juu ya bati la Dar saa saba mchana selo inaweza kufika nyuzi 60, ukipiga hesabu umeshapoteza zaidi ya asilimia 10. Huko kwenu siku ya baridi kali yenye jua safi, paneli inafanya kazi vizuri kuliko hata ilivyoandikwa kwenye karatasi yake.

Lakini mafundi wa huko wana kichwa kinachowauma ambacho sisi hatuna. Kwenye baridi volteji ya paneli inapanda. Ukiunga paneli nyingi kwa mfululizo kama tunavyozoea huku, asubuhi ya nyuzi 25 chini ya sifuri volteji inaweza kupita kiwango cha inverta (kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uwe wa kutumia nyumbani) ukaichoma. Lazima upige hesabu kwa baridi kali kuliko zote ya eneo lako. Huku kwetu nani anawaza hayo!

Swali langu: theluji ikilala juu ya paneli mnafanyaje?

---

Kipepeo wa Duluth

Fundi, nikujibu mimi niliye karibu na Ziwa Superior, theluji tunaijua. Paneli zikiwa na mwinuko mkali inateleza yenyewe jua likitoka, kwa sababu kioo ni laini na ni cheusi, kinapata joto haraka. Zilizolala kwenye paa bapa za maghala ndizo zinafunikwa kwa siku nyingi. Wengi hawajisumbui kupanda na reki, maana uzalishaji wa Desemba na Januari ni mdogo kiasi kwamba hata ukiupoteza wote hesabu ya mwaka haiyumbi sana. Kuvunjika mguu kwa ajili ya uniti kumi ni ujinga.

Kisha kuna faida: theluji iliyo chini inarudisha mwanga juu. Mashamba mapya wanaweka paneli zinazopokea mwanga pande zote mbili, zinakula na huo wa chini. Machi hapa, jua kali, baridi bado ipo, ardhi nyeupe, paneli zinafurahi.

---

Mzee wa Mita

Kipepeo na Fundi mmeongea kitaalamu, asanteni.

Sasa Kiboko. Umeuliza nani analipa. Jibu la kweli: gharama ya fidia za sola ya pamoja inaingizwa kwenye bili za wateja wote wa Xcel, kupitia kile kipengele cha gharama za mafuta kinachopanda na kushuka. Kwa hiyo ndiyo, usiye na mgao unachangia. Kampuni yenyewe imelalamika hivyo miaka mingi: kwamba umeme wa mashamba makubwa kama la Becker ni nafuu kuliko wa mashamba madogo ya pamoja.

Tena mwanzoni fidia ilikuwa nono, karibu na bei ya rejareja. Wawekezaji wakajaa, wakaleta maombi ya kupanga mashamba madogo kumi, ishirini yakiwa yamebanana kwenye kiwanja kimoja, wakayaita "ya jumuiya". Mwaka 2015 Tume ya Huduma za Umma ikawawekea kikomo, megawati 5 mahali pamoja. Baadaye wakabadilisha na bei: badala ya bei ya rejareja wakatumia hesabu ya thamani ya sola, yaani mafuta yaliyookolewa, nguzo na nyaya ambazo hazikuhitajika, uchafuzi ulioepukwa. Hesabu hiyo Minnesota ndilo jimbo la kwanza Marekani kuipitisha, mwaka 2014.

Kinachoniudhi mimi zaidi ni kingine. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya mgao ilichukuliwa na makampuni, shule na ofisi za miji, kwa sababu mwekezaji anapenda mteja mmoja mkubwa kuliko akina Mama Tausi mia mbili. Wapangaji wakabaki kuandikwa kwenye vipeperushi. Sheria nyingine ya 2023, si ile ya Februari, ndiyo imejaribu kurekebisha: kuanzia 2024 angalau asilimia 30 ya kila shamba jipya iende kwa kaya za kipato cha chini na cha kati, na kila megawati moja iwe na wateja binafsi wasiopungua 25. Ila wamebana pia: megawati 100 tu kwa mwaka kwa miaka ya mwanzo. Hapo utaona kwamba zile mbio za mwanzo haziwezi kurudi.

---

Kiboko ya Bili

Basi angalau umekubali. Mimi sipingi sola, napinga kuambiwa ni bure. Ile ya Becker naielewa zaidi.

---

Mwana wa Prairie

Na mimi nizungumzie vijijini, maana nyote mnaongea habari za mjini. Mimi niko magharibi mwa jimbo, nafanya kazi na wakulima wa mahindi na soya.

Huku sola si suala la mazingira. Ni kodi ya shamba. Bei ya mahindi inacheza, kampuni ya sola inakupa kodi ya ardhi isiyocheza kwa miaka 25 na zaidi. Mzee mwenye ekari ambazo watoto hawazitaki anaona afadhali. Kaunti nayo inakula: shamba la zaidi ya megawati 1 linalipa kodi ya uzalishaji dola 1.20 kwa kila megawati-saa, asilimia 80 inaenda kaunti na 20 kijijini.

Lakini si wote wanafurahi. Kuna majirani wanasema udongo mweusi kama huu kuufunika kwa vioo ni dhambi, na kaunti nyingine zimewahi kusimamisha vibali hadi zitunge kanuni. Mikutano hiyo nimehudhuria. Kelele zake utadhani ni uchaguzi. Mpangaji wa shamba ndiye anayeumia kimya kimya: yeye hamiliki ardhi, anailima tu, siku mwenye ardhi akisaini na kampuni ya sola mpangaji anapoteza ekari zake na hapewi hata senti.

Jambo moja zuri limefanyika hapa. Mwaka 2016 jimbo lilipitisha kigezo cha mashamba ya sola yanayolisha nyuki na vipepeo, la kwanza Marekani. Badala ya kokoto au nyasi za kufyeka, chini ya paneli wanapanda maua ya asili ya mbuga, na wengine wanaingiza kondoo. Kampuni inaokoa hela ya mashine ya kufyekea, mfuga kondoo analipwa kwa kulisha. Mmasai akisikia kuna mtu analipwa ili kondoo wake wale majani atafunga safari.

Halafu mkumbuke huku hatuko Xcel. Tuko kwenye vyama vya ushirika vya umeme, na ile sheria ya sola ya pamoja ya 2013 haikuvigusa. Tangu 2015 ushirika unaruhusiwa kukutoza ada ya mwezi ukiweka paneli zako. Vyama vingi pia vimefungwa na mikataba mirefu ya kununua karibu umeme wote kwa msambazaji mkuu wao. Ndiyo maana ukitembea mkoa huo unakuta shamba zima la paneli za kampuni, lakini juu ya mapaa hakuna kitu.

---

Chausiku

Mmasai alipwe kulisha kondoo 🤣🤣 nimecheka peke yangu kwenye basi.

---

Otieno wa Stima

Salaam kutoka Kisumu. Mnazungumza kama ni mambo ya ng'ambo pekee, lakini sisi Kenya tuko na sheria karibu sawa na hiyo. Sheria ya Nishati ya 2019 inaruhusu mtu mwenye sola yake kubadilishana stima na gridi, na kanuni zake zikatoka 2024. Shida ni hesabu: ukitoa uniti moja unarudishiwa nusu. Hao wa Minnesota wanarudishiwa nzima. Sasa mimi niko na paneli za kutosha, mchana hakuna mtu nyumbani, kwa nini nigawie gridi nusu bure? Nanunua betri nakaa nayo.

Kwa hivyo namuunga mkono Mzee wa Mita. Jua la Kisumu linashinda la huko, lakini paa ngapi hapa mjini zinauza stima? Jua sio shida.

---

Mzee wa Mita

Otieno umenipa mfano bora kuliko wangu. Hiyo nusu ndiyo inayoamua mtu anunue betri au aamini gridi.

Nimwongezee Kiboko kuhusu Becker, kwa sababu watu wanauliza kwa nini waliweka pale. Sherco ilikuwa na mitambo mitatu ya makaa. Mmoja ulizimwa mwisho wa 2023, mwingine ulipangiwa 2026, wa mwisho 2030. Kituo cha makaa kinapofungwa kinaacha kitu cha thamani kuliko majengo yake, nacho ni nyaya kubwa za kusafirisha umeme na haki ya kuziunga kwenye gridi. Marekani kote miradi ya sola inasubiri miaka kwenye foleni ya kuunganishwa. Pale nyaya zipo tayari, zinaachwa wazi na makaa, sola inaingia. Sehemu ya kwanza ilianza kutoa umeme 2024, na ukikamilika mradi mzima ni megawati 710, mkubwa kuliko wowote eneo hili.

Msichanganye megawati, lakini. Megawati 710 za sola si sawa na 710 za makaa, kwa sababu makaa yanawaka usiku. Sola kwa jumla bado ni asilimia chache tu za umeme wa Minnesota. Upepo ni kama robo, na nyuklia ya Monticello na Prairie Island ni kama robo nyingine. Anayewaambia sola ndiyo inayoendesha hita zenu Januari anawadanganya.

---

Daudi wa Paa

Nimechelewa kwenye uzi. Mimi nimeweka paneli za paa kwangu St. Paul, na ningependa kuwaonya wanaofikiria. Ile nafuu ya kodi ya serikali kuu, asilimia 30 ya gharama, ambayo sheria ya 2022 iliirefusha hadi miaka ya 2030, imekatwa. Sheria iliyosainiwa tarehe 4 Julai 2025 imeifuta kwa mwenye nyumba yeyote ambaye mtambo wake unamalizwa kufungwa baada ya tarehe 31 Disemba 2025. Bado kuna wauzaji wanapita na makaratasi ya zamani yenye hiyo 30. Kwenye mtambo wa dola elfu 25 hiyo ni dola 7,500, hesabu yote inageuka.

Kampuni iliyonifungia sitaitaja, kazi yao ya paa haina kasoro, ila mkopo waliouleta ulikuwa na riba ndogo inayong'aa na ada kubwa iliyofichwa ndani ya bei ya mtambo. Nilipoomba bei ya fedha taslimu ikashuka ghafla. Ombeni bei zote mbili, kwa maandishi.

Na angalieni umri wa paa. Ukiweka paneli juu ya vigae vya miaka 18, muda si mrefu utalipa watu wazishushe ili ubadilishe vigae, kisha uwalipe wazirudishe.

---

Fundi Waya

Daudi, inverta yako umeiweka wapi? Nje au ndani?

---

Daudi wa Paa

Nina zile ndogo ndogo, moja chini ya kila paneli. Ziko nje majira yote, baridi na joto, na haijafa hata moja. Ile volteji uliyoieleza haihusu sana hapa kwa sababu kila paneli inajitegemea.

---

Mama Tausi

Kijana wa tableti amerudi na karatasi. Ni sola ya pamoja kweli, wanasema punguzo asilimia 10, kutoka unatoa taarifa miezi mitatu kabla, faini hakuna. Lakini sisi tunategemea kuhama, labda Coon Rapids au Andover. Mgao utanifuata?

---

Mzee wa Mita

Hayo masharti si mabaya. Angalia tu kama hiyo asilimia 10 ni ya punguzo au ya bili nzima, maana wanapenda kuzichanganya.

Kuhama: ukibaki ndani ya eneo la Xcel mgao unakufuata, unabadilisha anwani tu. Ukihamia eneo la ushirika au la mji wenye umeme wake, unakwisha. Na huko unakotaja ndiko kwenye mtego, kwa sababu Coon Rapids mtaa mmoja unaweza kuwa Xcel na wa pili ukawa ushirika wa Connexus, na Andover sehemu kubwa ni ushirika. Kabla hujasaini nyumba mwombe mwenye nyumba bili ya umeme ya zamani, uone jina lililoandikwa juu.

---

Mama Tausi

Sawa, nitamwomba. Kijana nimemwambia arudi mwisho wa mwezi.